Mkanda na TENS dhidi ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno: niupange vipi utafiti huu?

FizioWaKanda

Habari za jioni wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili katika kitengo cha fiziotherapia, hospitali ya rufaa ya mkoa. Utaratibu uliopo ni huu: mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno yaliyopita miezi mitatu anaandikiwa mkanda, anawekewa TENS (umeme mdogo unaopitishwa kwenye ngozi kupunguza maumivu) au anapitishiwa ultrasaundi ya tiba dakika 15, kisha anarudi mara mbili kwa wiki hadi achoke mwenyewe. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda, kuvutwa mgongo, TENS na ultrasaundi visiwe huduma ya kawaida, na unaweka mbele elimu na mazoezi. Nataka kulinganisha utaratibu wetu na wiki 8 za mazoezi yanayosimamiwa.

Nina miezi 14 tu, msaidizi mmoja, na bajeti ndogo ya vocha na nauli. Naombeni mnisaidie haya:

Msimamizi anaona nichukue wagonjwa 40, wote wapewe mazoezi, niwapime mwanzoni na wiki ya 8, nilinganishe wastani. Inatosha?

Nitumie kipimo gani: maumivu 0 hadi 10, au dodoso la Oswestry au Roland-Morris, yanayopima jinsi kiuno kinavyomzuia mtu kufanya shughuli zake?

Nimwondoe nani kwenye utafiti, na je, kila mshiriki lazima awe na MRI?

MtakwimuWaZamu

Mkuu, hilo la watu 40 bila kundi linganishi liache kabisa. Utapata tofauti kubwa na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ndogo ya kupendeza, na haitakuambia chochote kuhusu mazoezi. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka, na mtu huja hospitali yakiwa yamepanda. Ukimpima siku hiyo ukarudia wiki 8 baadaye, atakuwa ameshuka hata kama ulimpa maji ya kunywa tu.

Angalia jaribio la PACE la Sydney, lililochapishwa Lancet mwaka 2014. Lilikuwa la maumivu mapya, si sugu, ila somo ni lile lile. Watu 1,652 waligawanywa: parasetamoli kwa saa maalumu, parasetamoli wanapohitaji, au vidonge bandia. Siku za kati za kupona zilikuwa 17, 17 na 16. Ungekuwa na kundi la parasetamoli peke yake ungeandika kwamba nusu ya wagonjwa walipona ndani ya siku 17, na sentensi hiyo ingekuwa kweli tupu. Ni vidonge bandia vinavyoonyesha kwamba dawa haikuwa na mchango.

Kuhusu idadi. Kwa kipimo chenye alama kama Oswestry (0 hadi 100), ukitaka uwezo wa 80% (nafasi ya kuigundua tofauti ikiwa ipo) na kiwango cha 5% (hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo):

watu kwa kila kundi = 15.7 × (mkengeuko sanifu ÷ tofauti unayoitafuta)²

Wengi huweka tofauti ya pointi 10 kwa sababu wamesoma kwamba pointi 10 ndiyo badiliko dogo lenye maana kwenye Oswestry. Hiyo pointi 10 ni badiliko la mtu mmoja mmoja. Tofauti ya wastani kati ya makundi mawili ambayo yote yanapata huduma mara nyingi huwa ndogo zaidi. Kwa mkengeuko wa 15 na tofauti ya 10 unapata watu 36 kwa kundi, unafurahi, unamaliza utafiti na jibu la "hakuna tofauti" ambalo halimaanishi kitu. Weka tofauti ya 6: 15.7 × 6.25 = 98.1, yaani 99 kwa kundi.

Punguzo halali lipo. Ukichambua kwa ANCOVA, yaani kulinganisha makundi huku ukizingatia alama ya mwanzo ya kila mtu, na uwiano wa alama za mwanzo na za mwisho ukiwa 0.5, unahitaji robo pungufu: 75 kwa kundi. Halafu ongeza watakaopotea. Ukikadiria 20%, gawanya kwa 0.8: watu 94 kwa kundi, 188 jumla.

Sasa miezi yako 14. Toa mitatu ya maadili na usajili, toa mmoja wa uchambuzi. Ukipima wiki ya 12, inabaki miezi 7 ya kuandikisha, yaani washiriki 27 kwa mwezi. Ukitaka kipimo kikuu kiwe miezi 6, inabaki miezi 4 na unahitaji 47 kwa mwezi. Fungua rejesta ya kliniki, hesabu wenye maumivu sugu ya kiuno kwa miezi mitatu iliyopita, kisha kata nusu, maana rejesta haijui nani atakataa, nani anaishi mbali, nani ataondolewa kwa vigezo. Hesabu ikigoma, usilazimishe. Fanya utafiti wa upembuzi yakinifu wa watu 60, uutaje hivyo tangu kichwa cha habari, na upime kinachopimika: wangapi walikubali, wangapi walihudhuria, wangapi walibaki hadi wiki ya 12. Huo nao unachapishwa.

Ugawaji ndiyo sehemu inayoharibika kimya kimya. Namba ya faili shufwa na witiri si bahati nasibu, wala Jumatatu na Jumanne, kwa sababu anayeandikisha anajua kundi linalofuata na anaweza kumchelewesha mzee mwenye hali mbaya hadi siku "inayomfaa". Orodha itolewe na kompyuta, kwa mafungu ya watu 4 na 6 yaliyochanganywa, kila fungu nusu kundi A (utaratibu wa sasa), nusu kundi B (mazoezi). Mafungu yote yakiwa ya 4, msaidizi makini akiona A, B, B atajua bahasha ya nne ni A. Orodha ikae kwa mtu asiyegusa wagonjwa, mfamasia kwa mfano. Bahasha ziwe na namba mfululizo, ndani karatasi ya foili ya jikoni ili zisisomeke kwenye mwanga, na karatasi ya kaboni: jina na tarehe huandikwa juu ya bahasha KABLA haijafunguliwa, maandishi yanapenya hadi kwenye kadi. Hapo bahasha haiwezi kurudishwa ikachukuliwa nyingine.

DktPingili

Nachukua swali la nani aondolewe, maana kwa mazingira yetu orodha za Ulaya hazitoshi.

Wa kwanza ni TB ya uti wa mgongo. Maumivu yaliyoanza polepole, zaidi sehemu ya kifua ya mgongo, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, kibyongo chenye ncha ukipapasa. Mwenye VVU mshuku mapema zaidi. Eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi, kwa sababu mfupa lazima upungue sana kabla picha haijaonyesha. Kinachotafutwa ni nafasi ya diski iliyobanwa na kingo za pingili mbili jirani zilizolika. ESR (kipimo cha damu cha uvimbe au maambukizi) ikiwa juu na dalili zipo, usimwandikishe, mpeleke kwenye uchunguzi kamili. Kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi fikiria brusela. Mwenye selimundu, fikiria maambukizi ya mfupa. Mwanaume wa miaka 50 kwenda juu mwenye maumivu yasiyopoa hata usiku akiwa amelala, fikiria tezi dume iliyosambaa.

Asiyeweza kukojoa au asiyehisi mkojo ukitoka, mwenye ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, au ambaye miguu yote miwili inalegea, huyo ni wa upasuaji siku hiyo hiyo. Msaidizi wako awe na namba ya simu ya wa zamu ubaoni. Wanaokuja na shingo usiwachanganye humu: wana kipimo chao, na mwenye shingo ambaye vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo na mwendo unayumba anaweza kuwa na uti uliobanwa. Huyo hahitaji mazoezi ya kliniki, anahitaji daktari wa upasuaji.

MRI: hapana, isiwe sharti. Mapitio ya Brinjikji na wenzake ya 2015 yalikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote. Waliokuwa na diski iliyovimba walikuwa 30% kwa umri wa miaka 20 na 84% kwa miaka 80. Diski iliyochakaa: 37% na 96%. Ukilazimisha MRI utapata washiriki wenye hela, na watafika kwako wameshaambiwa "diski imetoka", wakiogopa hata kuinama kuokota kiatu. Hofu hiyo peke yake itabadilisha alama zako.

Maumivu yanayoshuka chini ya goti pamoja na ganzi au udhaifu ni jambo jingine. Ama uwaondoe, ama utenganishe ugawaji wao mapema. Mguu ulionyooka ukiinuliwa na maumivu yakashuka mguuni kati ya nyuzi 30 na 70, andika. Usiandike maumivu ya nyuma ya paja tu, hayo ni misuli kukaza.

Jambo la mwisho ambalo vijana hulipuuza: watu kuhama kundi. Jaribio la SPORT la Marekani (JAMA, 2006) liligawa watu 501 wenye diski iliyotoka, upasuaji au bila upasuaji. Ndani ya miezi mitatu, nusu tu ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wamepasuliwa, na 30% ya waliopangiwa kutopasuliwa walikuwa wamepasuliwa. Ukichambua kwa kundi la asili, tofauti kwenye vipimo vikuu haikufikia kiwango cha kitakwimu, na mabishano ya maana yake hayajaisha hadi leo. Waholanzi (Peul na wenzake, 2007, watu 283) waliuliza swali kwa akili zaidi: apasuliwe mapema, au asubiri na apasuliwe ikibidi? Kati ya waliosubiri, 39% walipasuliwa baadaye, na hilo halikuvunja utafiti kwa sababu lilikuwa ndani ya swali. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Ulipofika mwaka mmoja, 95% ya kila kundi walikuwa wamepona.

Na kwa anayedhani mkanda hauhitaji kupimwa kwa kuwa "kila mtu anajua unasaidia": TB ya mgongo ilitibiwa kwa kulazwa miezi na kufungwa plasta mwilini, hadi Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipofanya majaribio ya ugawaji miaka ya 1960. Masan, Korea, kulazwa kitandani miezi 6 hakukuongeza kitu juu ya dawa. Pusan, plasta haikuongeza kitu. Bulawayo, kufungua na kusafisha usaha hakukuonyesha faida juu ya dawa peke yake kwa mgonjwa anayetembea.

FizioWaKanda

Shukrani sana Dokta, na wewe Mtakwimu. Mawili yananisumbua. Kundi la utaratibu wa sasa watapewa kitu ambacho WHO haishauri, kamati ya maadili itakubali? Halafu watu wangu hawakai kwenye kundi moja: watachoma sindano ya diklofenaki duka la dawa, watachuliwa mtaani, wa kundi la mazoezi atanunua mkanda sokoni. Niwakataze?

MratibuItifaki

Kamati itakubali ukiandika ukweli. Mapendekezo hayo ya WHO ni ya masharti, ushahidi wake una uhakika mdogo, na kundi A wanapata kile ambacho wangepata bila utafiti. Fomu ya ridhaa iseme waziwazi kwamba mwongozo wa WHO unashauri mkanda na TENS visiwe huduma ya kawaida. Ukificha hilo kamati itakurudisha, na ni haki yao. Kwa Tanzania Bara maombi yanapitia kamati ya chuo au hospitali na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Zanzibar wana kamati yao. Sajili jaribio kwenye PACTR (rejesta ya majaribio ya tiba ya Afrika) kabla ya mshiriki wa kwanza. Ukisajili baadaye, majarida mengi yatalikataa hata kazi ikiwa safi.

Usimkataze mtu sindano wala kuchuliwa. Ukimkataza ataendelea, ila hatakuambia. Mpe kadi ya wiki yenye picha nne: kidonge, sindano, mikono ya mchuaji, mkanda. Aweke alama kwa kila siku. Uchambuzi unafuata kundi alilopangiwa hata kama hakuhudhuria mara moja. Kadi itakusaidia kueleza matokeo, si kuwahamisha watu.

Kipimo: chagua kimoja kiwe kikuu. Roland-Morris ina sentensi 24 za ndiyo na hapana zinazohusu leo, na haihitaji kibali. Oswestry ina sehemu 10, kila moja 0 hadi 5, na ina mwenye haki, omba leseni. Ya kwanza ina sentensi kuhusu ngazi, ikiwemo kushika mkono wa ngazi, na mshiriki wa kijijini asiye na ghorofa atakujibu "hapana" ukadhani ni mzima. Ya pili ina sehemu ya tendo la ndoa, na wengi wataiacha, hasa anayeuliza akiwa wa umri wa mtoto wao. Ikiachwa, usiweke sifuri: gawanya jumla kwa 45 badala ya 50. Aliyepata 18 kwenye sehemu 9 ana 40%, siyo 36%. Kosa hili nimelikuta kwenye tasnifu zilizokwishapita.

Zote mbili hazimuulizi mtu kuhusu kuchuchumaa chooni, kulima kwa jembe la mkono au kubeba ndoo kichwani. Ongeza kipimo kidogo ambacho mgonjwa anataja mwenyewe kazi tatu zinazomshinda na kuzipa alama 0 hadi 10. Kiwe cha ziada, kisiwe kikuu.

Ukipata tafsiri ya Kiswahili, uliza ilitengenezwaje. Inayoaminika ina watafsiri wawili wanaofanya kazi kila mmoja peke yake, kikao cha kuoanisha, wawili wengine wanaoirudisha lugha ya asili bila kuona dodoso la asili, jopo, kisha majaribio kwa watu 30 hadi 40. Na kama baadhi hawasomi, wasomee WOTE kwa sauti. Ukisomea nusu na nusu wajaze wenyewe, umetengeneza vipimo viwili.

Ufuatiliaji: chukua namba mbili za simu na ya ndugu au jirani, na uzipige hapo hapo akiwa mbele yako. Dirisha la wiki ya 12 liwe siku 7 kabla au baada. Nauli iwe sawa kwa makundi yote, la sivyo kundi lenye nauli litabaki na lingine litapotea. Angalia kalenda ya kilimo: wiki ya 12 ikiangukia palizi, wamepotea wote. Anayepima asiwe anayetibu, na mshiriki aambiwe kabla ya kuingia chumbani asitaje alichopewa. Mwishoni muulize mpimaji akisie kundi la kila mtu, ripoti alipatia wangapi.

DadaMazoezi

Nyote mmesahau mazoezi yenyewe. "Mazoezi ya kiuno wiki 8" hayawezi kurudiwa na mtu mwingine. Andika dozi. Mfano: vikao 12 vya dakika 45, viwili kwa wiki katika wiki 4 za kwanza, kimoja kwa zinazofuata. Daraja ukiwa umelala chali, kunyoosha mkono na mguu wa upande wa pili ukiwa umepiga magoti, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, kuinama kwa nyonga na kuinua ndoo. Anza seti 2 za marudio 8. Akifikisha 12 kwa juhudi isiyozidi 5 kwa 10, ongeza: ndoo ya lita 5, kisha 10, kisha 20. Ndoo kwa makusudi, maana ndiyo atakayoinua nyumbani.

Kanuni ya maumivu iandikwe pia: yanaruhusiwa hadi 4 kwa 10 wakati wa zoezi, mradi asubuhi ya pili yamerudi yalipokuwa. Yakianza kushuka zaidi mguuni, rudi hatua moja na umpime tena nguvu ya kidole gumba cha mguu. Kutembea anza dakika 10, lenga 30, siku tano kwa wiki. Jaribio la WalkBack la Australia (2024, watu 701 waliokuwa wamepona) lilitumia mpango wa aina hiyo pamoja na elimu, na siku za kati kabla ya maumivu kurudi zilikuwa 208 dhidi ya 112.

Ila nina pingamizi. Kundi B linakaa na mtaalamu dakika 45, kundi A dakika 15. Ukipata tofauti, ni mazoezi au ni kusikilizwa? Mimi ningesawazisha muda.

MtakwimuWaZamu

Dada, ukisawazisha muda umebadilisha swali. Kliniki haitampa mtu TENS na dakika 30 za maongezi. Yeye anauliza kama kifurushi kipya kinashinda kifurushi cha zamani, na jibu hilo ndilo mganga mfawidhi anaweza kulitumia. Asidai tu kwenye hitimisho kwamba ni misuli iliyofanya kazi.

DadaMazoezi

Hapo kwenye kudai tunakubaliana. Basi arekodi dakika za kila kikao kwa makundi yote mawili, saa ya ukutani ipo.

MtakwimuWaZamu

Sawa kabisa, na hizo dakika ziingie kwenye jedwali. FizioWaKanda, hii hapa ya kuweka kwenye itifaki, badilisha utakapo: "Kipimo kikuu ni alama ya Oswestry (0–100) wiki ya 12 tangu ugawaji, ikikusanywa na mpimaji asiyejua kundi. Makundi yatalinganishwa kwa ANCOVA, alama ya mwanzo na uwepo wa maumivu chini ya goti vikiwa ndani ya modeli, kila mshiriki akihesabiwa katika kundi alilopangiwa. Maumivu (0–10), kazi tatu za mgonjwa na siku alizotumia dawa ni vipimo vya ziada." Ukiwaondoa kabisa wenye maumivu ya chini ya goti, futa kipande hicho.